Kabla hujachovya mita mtoni

Ninyi mnaoanza mwaka huu kazi ya uwandani ya kupima afya ya mito kwa wadudu na viumbe wadogo wake, hili la kwanza. Wengi hufika mtoni saa nne asubuhi, wanachovya mita ya oksijeni, wanasoma miligramu 8 kwa lita, wanaandika "maji mazuri" na kuhamia kituo kingine. Mita haikudanganya, ila imesema ya saa ile tu. Mdudu wa mtoni lazima avumilie saa mbaya kuliko zote, na hiyo hupita mkiwa bado mmelala.

Mchana mwani na mimea ya majini hutoa oksijeni. Giza likiingia huacha, huku kila kiumbe kikiendelea kuitumia, wakiwamo bakteria wanaoozesha taka. Kiwango hushuka usiku kucha, kikafika chini kabisa karibu na mapambazuko. Kama mna nafasi ya kupima mara moja tu, pimeni saa kumi na moja alfajiri. Jotoridi nalo liandikwe papo hapo: kwenye usawa wa bahari, maji ya nyuzi 20 yaliyoshiba hewa hubeba oksijeni kama miligramu 9 kwa lita, ya nyuzi 30, kama 7.5. Na joto hilohilo humfanya mdudu ahitaji oksijeni zaidi. Miti ya kingoni ikifyekwa, kivuli kinapotea, maji yanapata joto, naye anabanwa pande zote mbili.

Chukulieni mto Morogoro. Panda Uluguru, geuza jiwe kwenye maji yaendayo kasi, umtafute lava (mtoto wa mdudu) wa neoperla, mdudu wa maji yenye oksijeni nyingi: bapa, amejibana, ana vishada vya matamvua ya kupumulia kifuani. Mweke kwenye sahani ya maji yaliyotulia. Oksijeni ikipungua ataanza kujiinua na kujishusha kama mtu anayepiga pushapu, ili maji yapite kwenye matamvua. Shuka sasa mjini, kwenye tope lenye taka, utafute lava wekundu wa chironomidi, jamaa wa mbu wasiouma. Wekundu ule ni hemoglobini, inayonasa oksijeni hata ikiwa haba.

Konokono wanawapoteza wengi. Wale wanaobeba kichocho, biomfalaria na bulinus, wana pafu na huweza kupanda juu kuvuta hewa, kwa hiyo kuwakuta hakuthibitishi kwamba maji yana oksijeni. Wanachowaambia ni kwamba maji ni ya polepole na yana chokaa ya kutosha kujenga gamba. (Na vaeni buti ndefu. Kichocho hakijali shahada.)

Mkondo nao una watu wake. Lava wa usubi huchuja chakula kwa nywele za kichwani zilizotanda kama feni, hivyo maji yasipompitia, hapati chakula. Ndiyo maana hamtamkuta bwawani. Kule Amani, Usambara Mashariki, wapo wanaoishi juu ya mwili wa kaa wa mtoni; anayegeuza mawe tu hatawaona.

Binafsi naogopa udongo kuliko kemikali nyingi. Shamba la mteremkoni likimomonyoka, mchanga laini huziba nafasi kati ya mawe, na hapo ndipo wengi wanapoishi. Maji yanaweza kuwa yameshaanza kung'aa, mita zote zikawa shwari, na chini hakuna makazi.

Ndiyo sababu TARISS, mbinu ya Tanzania ya kupima afya ya mto kwa wadudu wake, huchota mawe, mimea, na changarawe na mchanga kila kimoja peke yake. Msivichanganye kwenye sahani moja. Na masika yakishusha mafuriko, acheni wiki kadhaa zipite kabla ya kuchota, la sivyo wavu mtupu utawapimia mafuriko badala ya uchafuzi.