Gitaa la Umeme la Bei Nafuu: Mnauliza, Tunajibu

Wenzangu wanalicheka hata kabla sijalinunua

*Salamu mhariri. Napiga rithimu kwenye bendi ndogo hapa Malindi, harusini na wikendi hotelini, kwa gitaa la kuazima. Nimeona dukani Mombasa gitaa lenye umbo la Stratocaster, lile maarufu la kampuni ya Fender, kwa bei ninayoiweza, ila jina lililoandikwa kichwani hakuna anayelijua. Wenzangu wanasema niweke akiba mpaka nifikie Fender, nisije nikaiaibisha bendi. Nifuate lipi? – Msomaji, Barani, Malindi*

Ndugu yetu, usisubiri Fender. Ila pia usilipe kabla hujalishika hilo gitaa na kulikagua, maana hapo wenzako wana nusu ya hoja.

Jina kubwa linakuuzia mambo matatu ya kweli: ukaguzi wa kiwandani, ili gitaa hili na jenzake lisipishane sana, vipuri vinavyoingia bila kuchongwa, na bei ya kueleweka siku ukiliuza. Kupiga noti hakumo. Mwanzilishi wa kampuni ya Fender, aliyeitwa Leo Fender, alikuwa fundi wa redio mjini Fullerton, California, na gitaa alilolitoa mwaka 1950 lilikuwa ubao bapa na shingo iliyofungwa kwa skrubu nne, makusudi litengenezwe haraka na shingo ikiharibika ibadilishwe. Mtindo huo wa ujenzi, ambao Stratocaster pia inaufuata, ulizaliwa kwa kutafuta wepesi wa kazi. Kampuni hiyo yenyewe inauza magitaa ya bei ya chini kwa jina la Squier tangu 1982. Na Cor-Tek, kampuni ya Korea Kusini yenye kiwanda Indonesia, imetengeneza magitaa ya jina lake, Cort, na pia ya Squier, Ibanez na PRS SE. Majina manne yanayobishaniwa vijiweni yametoka kwa mtengenezaji mmoja. Kinachotofautisha bei ni vipuri vilivyotiwa na muda uliotumika kumalizia freti, vile vipande vya chuma vinavyokatiza shingo, na hayo utayajua kwa mikono yako.

Nenda na simu yenye programu ya tyuna, ya kupimia kama noti iko sawa, na kadi mbili za benki. Kwanza chungulia shingo kutoka upande wa kichwa, kama seremala anavyochungulia ubao. Ikibonyea kidogo sana katikati si neno. Ikiwa imejipinda upande mmoja juu na mwingine chini, rudisha gitaa ukutani. Halafu pitisha kiganja kwenye ukingo wa shingo, juu hadi chini. Ncha za freti zikikuchoma kama miba ya samaki, ujue hapo ndipo kiwanda kilipobana matumizi. Fundi mwenye tupa ndogo atazilainisha kwa saa moja au mbili, kwa hiyo omba upunguziwe bei.

Kaza nyuzi zifikie noti zake, kisha piga kila uzi kwenye kila freti, moja moja, bila haraka. Noti ikikwaruza au ikifa mahali pamoja tu, kuna freti iliyoinuka. Simamisha ukingo wa kadi juu ya freti tatu zilizofuatana. Kadi ikichezacheza kama meza yenye mguu mfupi, ya katikati ndiyo mkosaji. Freti moja hugongwa taratibu ikakaa. Zikiwa nne au tano, mwambie muuzaji akupe jingine la jina hilo hilo. La pili laweza kuwa safi kabisa, kwa sababu magitaa haya hutofautiana hata yakitoka kwenye mzigo mmoja, na ndiyo maana hatumshauri mtu aagize lisilo na jina kwa kutazama picha.

Sasa kimo cha nyuzi. Kadi ya benki ina unene wa karibu mm 0.76. Kwenye freti ya 12, kadi mbili zikipita chini ya uzi mwembamba kwa kugusagusa, hapo ni mm 1.5, ni pazuri. Uzi mnene uwe kwenye mm 2. Ukiona pengo la kadi nne, vidole vitakuuma, lakini usilikatae bado: daraja, kile chuma kinachoshika nyuzi kwenye ubao, lina skrubu ndogo za kushushia. La kukataa ni lile ambalo daraja limeshuka mpaka mwisho na nyuzi zingali juu, kwa kuwa pembe ya shingo ndiyo mbaya.

Kipimo kinachomhusu sana mpiga rithimu ni hiki. Gusa uzi juu ya freti ya 12 bila kuubonyeza, upige, upate ile noti nyembamba kama kengele. Kisha bonyeza palepale na upige tena. Tyuna ionyeshe mahali pamoja. Noti ya kubonyeza ikiwa juu, kijitako cha uzi huo, kile kipande kinachoubeba kwenye daraja, kirudishwe nyuma. Ikiwa chini, kisogezwe mbele. Ukiyapuuza haya, kodi zako, yaani noti unazopiga kwa pamoja, za chini zitakuwa tamu na za juu chungu, na hiyo ndiyo aibu ambayo mashabiki wataisikia.

Mwisho chomeka kwenye ampu, yaani kikuza sauti. Zungusha vitufe vyote, pitia nafasi zote za swichi, tikisa waya penye jeki. Mkwaruzo wa kitufe huondoka kwa dawa ya kupuliza ya kusafishia swichi. Nafasi ya swichi isiyotoa sauti kwa kawaida ni waya uliokatika, nao hulehemiwa. Mvumo mdogo ni tabia ya pikapu (sumaku zinazonasa mlio wa nyuzi) za koili moja, hata za bei kubwa, na hupungua ukigusa nyuzi. Ukiongezeka unapogusa, waya wa ardhi umefungwa vibaya: atengeneze muuzaji kabla hujatoa pesa.

Halikai kwenye noti

*Nimeagiza gitaa mtandaoni, limeshushwa Mokowe na kuvuka kwa boti salama. Lina ule mkono wa kutikisa daraja. Kila nikimaliza wimbo mmoja limeteguka. Rafiki yangu aniambia funguo za kukazia nyuzi za gitaa la bei chee ni takataka, ninunue za jina kubwa. Nazo bei yake yakaribia gitaa zima! – Langoni, Lamu*

Bwana wa Langoni, weka pesa mfukoni. Funguo ndizo za kushukiwa mwisho.

Anza na nyuzi. Zilizokuja na gitaa huwa zimekaa sana, tena zimezungushwa ovyo. Weka mpya za 9–42 (ni unene wake kwa elfu za inchi), kila uzi mnene uzunguke kigingi mara mbili hadi tatu, mizunguko ikishuka chini bila kupandana. Kaza, kisha shika uzi katikati na uuvute juu taratibu, kaza tena, vuta tena, mpaka usishuke. Uzi mpya ambao haujavutwa utateguka hata kwenye gitaa la bei ya jahazi.

Halafu tazama kile kipande cheupe chenye mifuo sita, pale shingo inapokutana na kichwa. Ukisikia mlio wa “ting” unapokaza, uzi unakwama mfuoni: unavuta na hauendi, halafu unaruka ghafla. Ndiyo sababu noti hushuka baada ya kuukunja uzi kwa kidole, maana uliteleza kuja mbele ukashindwa kurudi. Legeza uzi, utoe kwenye mfuo, na usugue humo ncha ya penseli ya kawaida mpaka pawe peusi. Uzi wa G, wa tatu kutoka ule mwembamba, ndio msumbufu kuliko wote. Ukiendelea kukwama, kunja msasa namba 600 kwenye uzi wenyewe na usugue mara nne tano tu, pande za mfuo, si chini. Ukichimba chini, uzi utagonga freti ya kwanza na kipande kizima kitabadilishwa.

La tatu ni huo mkono. Daraja la namna yako linaning'inia kati ya nguvu ya nyuzi na ya springi zilizo nyuma. Ukikaza uzi mmoja, nyingine tano zinalegea, kwa hiyo unafukuza kivuli. Kama huutumii mkono, lilalishe daraja chini. Fungua kifuniko cha nyuma, uone springi tatu na kibao kilichoshikwa na skrubu mbili ndefu. Ongeza springi mbili ziwe tano, kisha kaza zile skrubu nusu mzunguko kila moja kwa zamu, ukikaza nyuzi kila mara, mpaka bamba la daraja lilale kwenye ubao na lisiinuke unapokunja uzi. Baada ya hapo pima tena freti ya 12.

Ukiyamaliza haya na uzi mmoja bado unashuka, kaza skrubu ya kitufe cha ufunguo wake. Ufunguo ukilegea hata baada ya hapo, nunua seti ya funguo za kawaida zenye matundu yanayolingana. Na siku zote fikia noti kutoka chini kwenda juu, usiishushie kutoka juu.

Gibson kwa bei ya Squier

*Mtu ananiuzia Gibson Les Paul ya mkono wa pili kwa bei ndogo sana. Nichangamke? – Muyeye, Malindi*

Usichangamke. Jina likitukuzwa kupita kiasi, wapo wanaoliiga. Tazama kile kifuniko kidogo kichwani chenye umbo la kengele: cha Gibson hushikwa na skrubu mbili, na bandia nyingi zina tatu. Kifungue. Nati ya chuma cha ndani ya shingo iwe ya kukazwa kwa spana ya kisanduku ya inchi 5/16. Ukikuta tundu la pembe sita la alenki, ondoka. Nyuma ya kichwa pawe na namba na maneno “Made in USA”. Epiphone halali, jina ambalo limekuwa chini ya Gibson tangu 1957, ni ununuzi bora mara kumi kuliko Gibson ya uongo, na utaliuza bila kumdanganya mtu.

Binti yangu anaanza

*Ana miaka 13, vidole vifupi. Nimetenga pesa za gitaa tu. Je, laweza kuchomekwa kwenye sabufa ya nyumbani? – Mama, Malindi*

Mama, shikamoo. Pesa hizo hizo zigawe: katika kila shilingi kumi, sita za gitaa, tatu za ampu, moja ya waya, seti ya nyuzi na mkono wa fundi. Gitaa la kawaida lililorekebishwa vizuri litamfundisha; la gharama lenye nyuzi za juu litamkimbiza. Sabufa haifai, kwa kuwa umeme wa pikapu ni mdogo na sabufa inataka ulio mkubwa, kwa hiyo sauti itatoka hafifu na ya kuzibwa. Ampu ya wati 10 hadi 15 yenye tundu la hedifoni yatosha nyumbani, na wewe utapumzika. Soma kibandiko cha nyuma: kiwe cha volti 220 hadi 240. Za mtumba kutoka Japani huwa za volti 100, na kwenye umeme wetu zaweza kuungua papo hapo. Kwa vidole vyake mtafutie lenye urefu wa uzi wa mm 628, mtindo wa Les Paul, badala ya mm 648 wa Stratocaster: freti zinakaribiana zaidi. Yamaha Pacifica ni la kuaminika sana kwa anayeanza, lakini ni la mm 648, basi mpeleke alishike kwanza.

Kutu

*Nyuzi hazimalizi wiki tatu, daraja limeota kutu. Nimeambiwa vyuma vya magitaa ya bei ndogo ndivyo vilivyo. – Shela, Lamu*

Chumvi ya bahari haisomi jina. Gitaa la bei kubwa likiachwa barazani wakati wa kusi litaota kutu vilevile. Usilitundike kwenye ukuta wa mawe ya matumbawe wala kulisimamisha kwenye zidaka, kwa sababu kuta hizo hushika unyevu na chumvi. Ukimaliza kupiga, pitisha kipande cha leso kuukuu ya pamba juu na chini ya kila uzi, kisha lifungie kwenye mfuko wake na vile vipakiti vya kukaushia vinavyokuja na viatu vipya, vinne au vitano. Nyuzi zilizopakwa utando wa kuzuia kutu ni ghali zaidi ila kwako zitarudisha gharama. Kila miezi miwili chovya kijiti cha meno kwenye mafuta ya cherehani na uguse kila skrubu ya daraja tone moja, usimwage. Freti zikigeuka kijani, zisugue kwa sufu ya chuma laini ya namba 0000, si ile ya kusugulia sufuria, na kabla ya kuanza ziba pikapu kabisa kwa plasta ya karatasi: vumbi la chuma likishanaswa na sumaku, kulitoa ni kazi ya siku nzima na ncha ya utepe.