Ndovu hawako Lake Nakuru: ushauri kwa mnaotoka huku kwetu

Kila shule zikifungwa kuna jamaa atanipigia simu kutoka Kisumu au Kakamega, analeta watoto Nakuru, anauliza ndovu wanaonekana upande gani wa ziwa. Hawaonekani upande wowote. Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Nakuru ina vifaru weusi na weupe, simba, twiga, na nyati wanaolala hadi barabarani, lakini ndovu haina. Ni kilomita mraba 188, imezungushiwa ua wa umeme, na ukivuka ua unakutana na mji na mashamba ya watu. Ndovu mzima anakula kama kilo 150 za majani, matawi na magome kwa siku, kwa hivyo familia chache tu zingemaliza migunga yote iliyoko pale. Impala Sanctuary ya Kisumu pia hawapo, na Hifadhi ya Ruma kule Homa Bay usiende kwa ajili yao.

Sensa ya wanyamapori ya mwaka 2021 ilihesabu ndovu 36,280 nchini Kenya, na wengi zaidi wako Tsavo. Sisi wa huku itabidi tusafiri, na mahali pa kwenda panategemea unachotaka kuona.

Walio karibu na watu wa Magharibi mwa Kenya ni wale wa Mlima Elgon. Unapitia Kitale, Endebess, hadi geti la Chorlim. Ndovu wa Elgon ni wachache, ni wa msituni, na wanajificha, kwa hivyo ukiwapeleka watoto wadogo kwa ahadi ya kuona ndovu watarudi wamenuna. Nenda kwa sababu ya pango la Kitum. Mvua nyingi za mlimani huosha chumvi kwenye udongo na mimea, kwa hivyo ndovu huingia pangoni usiku, gizani kabisa, wakipapasa njia kwa mkonga, kisha wanachimba ukuta kwa pembe na kutafuna mawe yenye chumvi. Ukimulika tochi ukutani utaona mikwaruzo ya pembe, mingine juu kuliko kichwa cha mtu, na huko ndani kabisa utakuta mavi yao. Usiingie bila askari wa hifadhi. Popo wa humo msiwashike, wala msiguse vinyesi vyao: visa viwili vya homa ya Marburg, ugonjwa wa virusi unaoua, mwaka 1980 na 1987, vilihusishwa na Kitum. Mimi huvaa barakoa na glavu, wanaotaka kucheka wacheke.

Hifadhi ya Rimoi, kwenye Bonde la Kerio, wapo pia, nao huvuka mto kwenda upande wa Kamnarok na kurudi. Ila uliza hali ya usalama kwanza, na uwaulize wenyeji wa siku hiyo hiyo.

Maasai Mara ndiko ninakowapeleka watu wangu. Kutoka Kisumu hulazimiki kuzunguka hadi Narok: shika Kisii, Kilgoris, Lolgorian, kisha uteremke Oloololo hadi Mara Triangle, sehemu ya magharibi ya hifadhi hiyo. Ndovu utawapata, hasa kwenye vinamasi na kandokando ya mto. Kazi ni kumpata dereva atakayekubali kukaa nao. Redio ya madereva ikilia kwamba simba wameonekana, vani zote zinageuza, na nyumbu wakifika, kuanzia Julai hadi Oktoba, kila mtu anakimbilia mtoni kuwatazama wakivuka. Malizana na dereva jioni ya kuamkia safari, mkiwa mnakunywa chai: kesho hatufuati redio, tunatafuta ukoo mmoja wa ndovu, unazima injini, tunakaa saa nzima. Atakutazama kama uliyerogwa. Ongeza kidogo juu ya bei mliyoelewana, atakubali.

Dakika kumi za kwanza watoto watalalamika kwamba ndovu hawafanyi lolote. Waambie watazame miguu ya mbele. Nyasi zikiwa fupi, ndovu huzipigapiga kwa kucha za mguu hadi zing'oke, anazikusanya kwa mkonga, halafu anazikung'utia gotini mara mbili tatu ili udongo utoke, ndipo anazitia mdomoni. Ana sababu ya kuwa msafi hivyo. Udongo husaga meno, na ndovu hupata seti sita tu za magego maisha yake yote. Ile ya mwisho ikiisha, njaa inamuua. Tazameni pembe pia: mara nyingi moja imelika kuliko mwenzake, kwa kuwa kila ndovu ana upande anaoupendelea, ni kama sisi na mikono yetu. Na kukiwa na mtoto mchanga mtacheka, maana mkonga bado haujamtii. Anaukanyaga, anaurusha huku na kule, na akiwa na kiu anapiga magoti anywe kwa mdomo.

Kundi lenye watoto ni la majike, na anayeongoza njia ni jike mkubwa kwa umri. Gari lenu lisiingie kati yake na watoto. Akiinua kichwa, akatandaza masikio na kuanza kubembeza mguu mmoja wa mbele, mmemkaribia mno. Dume mwenye majimaji yanayochuruzika kati ya jicho na sikio, na mkojo ukidondokea miguu ya nyuma, yuko kwenye joto lake la kutaka majike. Huyo hata usimpige picha, mwambie dereva arudi nyuma upesi.

Mkipita Lolgorian mkasimama kununua ndizi, msijisifu sana kwa ndovu mliowaona. Kuna wakulima pale wanaolala nje msimu wa mahindi wakilinda shamba dhidi ya ndovu kwa tochi na madebe, na wakati mwingine asubuhi inawakuta hawana kitu.

Kwa wenye watoto wa chini ya miaka saba, au mzee asiyeweza kurushwarushwa garini, mimi husema anzeni na kituo cha ndovu mayatima cha Sheldrick, Nairobi. Wageni wanaruhusiwa saa moja tu, tano hadi sita mchana, na lazima uwe umeweka nafasi mapema. Ukitoka Nakuru, ondoka alfajiri, maana foleni ya kuingia Nairobi haina huruma. Mwambie dereva njia ni ya upande wa Magadi Road. Wengi hupelekwa Animal Orphanage ya KWS, shirika la serikali la wanyamapori, Lang'ata Road, wakaona simba vizimbani huku saa yao ya ndovu ikipita. Pale Sheldrick mtawaona watoto wakija mbio kwa chupa za maziwa. Wananyonyeshwa kila baada ya saa tatu, usiku na mchana, na walezi hulala nao zizini kwa zamu, ili mtoto asimzoee mtu mmoja akahangaika siku asipomwona.

Neno "sanctuary", yaani makimbilio ya wanyama, siku hizi limeandikwa kwenye mabango mengi, hapa na ng'ambo. Kabla hujalipa, uliza swali moja: hawa ndovu watarudi porini lini? Sheldrick watakujibu kwa majina ya mahali, Ithumba, Voi, Umani. Reteti kule Samburu, kituo cha jamii kilichofunguliwa mwaka 2016, nao wana jibu, kwa sababu watoto wao hurudishwa kwenye makundi ya huko huko kwao. Mahali wanapokujibu kwa kukuonyesha bei ya kumpanda ndovu mgongoni, au ndovu anayechora picha, okoa pesa zako.

Na kuhusu pesa: mageti ya KWS, pamoja na Chorlim, hayapokei taslimu, ni eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali. Lipia ukiwa bado Kitale kwenye mtandao mzuri, na upige picha ya risiti.