Maswali ya Gemu: Uyoga, Kijiti na Mlima

Mario ya mwaka 1985 haikuwa na somo la kuanzia, na bado kila mtoto aliyeishika aliimudu. Gemu za sasa zinanipa nusu saa ya maelekezo. Nini kimepotea? (Msomaji, Tanga)

Imani kwa mchezaji. Itazame tena sehemu ya kwanza ya Super Mario Bros. Mario amesimama kushoto, uso kulia, na mbele yake ni peupe. Utaelekea wapi tena? Anakuja Goomba, yule wa kahawia mwenye uso wa kununa. Akikugusa umekufa, lakini umepoteza sekunde chache tu, basi safari ya pili unaruka. Juu kuna boksi la alama ya kuuliza linalometameta. Ukiligonga kwa chini, uyoga unachomoza, unateleza kulia, unagonga bomba na kukurudia. Mgeni ataukimbia, maana unafanana na Goomba. Ila juu yako kuna matofali: ukiruka kuukwepa unagonga kichwa, unaangukia uyoga, na mara umekuwa mkubwa. Hapo watunzi wake, Shigeru Miyamoto na Takashi Tezuka, wameshakufundisha kuruka na kumjua adui na zawadi, bila neno hata moja. Nikisimamishwa mara ya nne na kidirisha cha kuniambia nibonyeze X, naona mtunzi ameiacha kazi yake nusu.

Kijiti cha kushoto cha pedi yangu ya kuchezea gemu kinavuta chenyewe. Ninunue nyingine? (Msomaji, Mombasa)

Pole sana. Yangu ilinifanyia hivyo: beki anajikokota kuelekea kibendera cha kona, na kidole gumba changu kiko hewani. Fundi akaifungua, akanionesha ulimi mdogo wa chuma unaosugua utepe wa kaboni kila kijiti kinaposogea. Utepe ukilika, pedi inasoma mwendo ambao haupo. Kabla ya kutoa hela, ingia kwenye mipangilio ya gemu, uongeze ile nafasi ya katikati ambayo kijiti hakisomwi. Kusafisha vumbi nako husaidia kwa muda, lakini utepe uliolika hauponi. Fundi atabadilisha kifaa chote cha kijiti. Kinachoniuma ni kwamba dawa ni ya siku nyingi. Dreamcast, mashine ya gemu ya Sega ya mwaka 1998, ilipima kijiti kwa sumaku, hakuna kusuguana. Kwa hiyo sikubali nikiambiwa vijiti kulika ni kawaida.

Gemu ngumu ikiwekewa njia rahisi, si inaharibika? (Msomaji, Bukoba)

Hapana. Celeste ya mwaka 2018, gemu ya kupanda mlima, ni ngumu kweli, lakini inakuruhusu kupunguza kasi, kujipa pumzi isiyoisha, hata kutokufa kabisa. Anayetaka mlima wenyewe anaukuta palepale. Tena hata yeye husaidiwa kimyakimya: ukichelewa kidogo kuruka ukingoni, mguu umeshatoka kwenye jiwe, gemu inakukubalia. Wapo wachezaji ambao mikono yao inatetemeka au vidole havikunji vizuri. Nao wanataka kufika kileleni.

Kila gemu iwe na kitufe cha kusimamisha? (Mama wa watoto wawili, Nakuru)

Ndiyo, mama. Kwenye Dark Souls ya mwaka 2011 ukifungua menyu adui anaendelea kukupiga. Naipenda mno gemu ile, ila hapo nawapinga watunzi wake. Mtoto akilia, au maziwa yakianza kufurika jikoni, uweze kunyanyuka bila kupoteza ulichokipigania.