Fungeni wimbo kwanza, kamera itawasubiri

Juzi niliitwa kusikiliza makundi ya wanafunzi wa mwaka huu yakiwasilisha mipango ya video za muziki. Niliahidi kukaa nyuma na kunyamaza, na nilinyamaza kweli hadi kundi moja liliposimama kueleza litakavyotumia droni. Wimbo walikuwa hawajachagua. Kundi lililofuata lilikuwa na wimbo, ila msanii "atarudia sauti kidogo wiki ijayo", na kushuti wanaanza Jumamosi hii. Nikajikuta nakuna kichwa kwa mikono miwili.

Wadogo zangu, nawapenda, ndiyo maana nafoka. Animatiki, yaani michoro ya shuti iliyopangwa juu ya wimbo kama video, mnaijua, na mnajua kwamba video, kava la albamu na tangazo ni mradi mmoja wenye vichwa vitatu. Ya darasani siyarudii. Narudia yale ambayo kila mwaka watu huyasikia, wakatikisa kichwa kwa adabu, kisha wakaenda kuyafanya vilevile.

1. Wimbo ufungwe kabla ya kitu kingine chochote

Nikisema ufungwe nina maana kwamba mpangilio hauguswi tena, sauti hazirudiwi, kasi haibadiliki, na faili ni moja tu kwa wote, kuanzia anayechora storibodi (michoro ya shuti moja moja) hadi anayeediti. Miksi na masta, yaani kusawazisha na kung'arisha sauti, zinaweza kuendelea huko studio, hazimsogezi mtu mdomo. Tempo na uimbaji ndivyo vinavyomsogeza.

Haya nayajua kwa sababu niliyapuuza. Mwimbaji wetu alikuwa mwenzetu wa idara ya muziki, dada mwenye sauti ya kukusimamisha njiani na tabia ya kutoridhika na kazi yake. Alitutumia wimbo ukiwa na neno "mwisho" kwenye jina la faili, nami nikaliamini neno hilo. Siku chache baadaye akaandika kwenye grupu kwamba yeye na prodyuza "wanarekebisha kidogo tu". Nikamjibu kwa alama ya dole gumba, nikaendelea na storibodi yangu.

Ubeti wa pili niliupanga uwe shuti moja isiyokatwa. Mwimbaji anatembea kwenye korido ndefu akiimba, kameramani anarudi kinyumenyume mbele yake, mimi nimemshika kameramani mkanda asije akaanguka, na nyuma yangu kuna mwenzetu amekumbatia spika. Tulirudia mpaka spika ikaisha chaji, tukachaji, tukarudia tena. Ile iliyokubali ilikuwa nzuri kweli. Macho, mwendo, hata jasho jembamba la shingoni lilishika mwanga pale pale nilipotaka. Watu wakapiga makofi. Nikalala nikijiona dairekta.

Kesho yake niliiweka kwenye taimlaini ya kuediti chini ya wimbo wenyewe. Mstari wa kwanza ulikaa. Wa pili ukaanza kuchelewa kidogo, kiasi cha kukufanya usogee karibu na skrini. Kufikia mwisho wa ubeti, sauti imeshamaliza neno ndipo mdomo unafunguka. Nikailaumu kompyuta, nikaizima, nikaiwasha, hali ile ile. Nilipompigia prodyuza aliniambia bila wasiwasi wowote kwamba wimbo ulikuwa BPM 96, yaani mapigo 96 kwa dakika, na wameupandisha hadi 98 "uchangamke". Mbili tu! Lakini fanyeni hesabu. Kwa fremu 25, yaani picha 25 tuli, kwa sekunde, tofauti hiyo inakuchelewesha fremu moja hivi kila sekunde mbili. Vipande vifupi vingenisamehe, kwa kuwa kila kipande unakipanga upya unapokata. Ubeti wangu wa sekunde 40 ulikuwa umeachwa nyuma kwa fremu 20.

Nikajiona mjanja: nikaongeza kasi ya picha hadi asilimia 102.08. Mpiga ngoma, aliyekuwa kwenye shuti nyingine, akakaa sawasawa, kila kijiti na mlio wake. Mwimbaji hakukaa. Ndipo nikasikiliza wimbo mpya kwa makini, jambo nililotakiwa kulifanya siku ile ya dole gumba. Walikuwa wamerekodi upya ubeti mzima. Sasa aliingia kabla ya biti, akavuta maneno mahali alipokuwa akiyakata, na palipokuwa na "umeniacha" sasa aliimba "nimekuacha". Midomo ilimsaliti, na hadithi nayo ikapinduka, maana storibodi yote ilimwonyesha akilia kwa kuachwa, na kumbe sasa yeye ndiye anayefunga mizigo.

Kurudia hatukuweza, korido ilikuwa imefungwa kwa ajili ya mitihani. Nikaanza kumficha mdomo. Kila alipofungua kinywa nilikata kwenda kwenye mikono, kisogo, kivuli ukutani, na zaidi ya vyote viatu, kwa kuwa kameramani wetu alikuwa na mazoea ya kujaribu mwanga kwa kurekodi viatu vya watu. Video iliyotoka ilikuwa ya viatu. Mwalimu aliitazama hadi mwisho, akavua miwani, akauliza kwa upole kabisa: "Huyu msanii ana mkataba na kiwanda cha viatu?" Nami, kwenye insha ya tathmini, nikajaza ukurasa mzima kueleza kwamba viatu vinawakilisha safari ya nafsi. Mwenye nakala ya ukurasa huo namwomba auchome.

Mwimbaji hakuwa na kosa. Wimbo ni wake na alikuwa na haki ya kuuboresha. Mimi ndiye niliyepanga mradi bila kumwambia mlango unafungwa lini. Kwa hiyo andikeni tarehe ya kufunga wimbo kwenye ratiba, iwe kabla ya storibodi, msanii na prodyuza waikubali kwa maandishi. Na asubuhi ya kushuti mtu mmoja achukue faili lililo kwenye spika, aliweke chini ya faili lililo kwenye kompyuta ya kuediti. Mawimbi yakilingana mwanzo, katikati na mwisho, nendeni mkashuti.

2. Hesabuni shuti zenu kwa kalamu

Wimbo wa dakika tatu na nusu ni sekunde 210. Ukikata kwa wastani wa kila sekunde mbili na nusu, unahitaji vipande 84. Halafu mtu ananiletea orodha ya shuti inayoishia nusu ukurasa, na tano kati ya hizo ni "msanii anatazama mbali". Anatazama nini kwa dakika tatu na nusu?

Animatiki ndiyo inayowaumbua mapema, kama mtaitengeneza kwa uaminifu, juu ya wimbo uliofungwa na si juu ya kimya. Piga picha michoro yako kwa simu, ipange kwenye taimlaini, kisha mwonyeshe mtu asiye wa kundi lenu, na ninyi mfunge midomo yenu. Ukijikuta unasema "hapo patakuwa na kitu", basi hapo hapana kitu.

3. Storibodi si kamusi ya mashairi

Wote mnamnukuu Andrew Goodwin, yule mwandishi wa nadharia ya video za muziki, kwenye insha zenu, kwamba tangu 1992 ametufundisha kuwa picha zinaweza kuonyesha maneno ya wimbo, kuyakuza, au kwenda kinyume nayo. Kisha nafungua storibodi: wimbo unasema mvua, mmechora mvua. Wimbo unasema moyo umevunjika, mmechora kioo kinaanguka. Unasema barabara, mko barabarani. Onyesheni maneno mara moja au mbili mtazamaji apate pa kushika, kisha muacheni. Kundi moja la mwaka jana lilikuwa na wimbo wa huzuni tupu, wakaupiga video ya watu wanaojiandaa kwa sherehe: mmoja anapiga pasi, mwingine anasuka mwenzake, mwingine anapuliza maputo, na mgeni anayeimbwa haji. Hakuna aliyelia mbele ya kamera. Sisi tuliokuwa tunatazama ndio tuliotafuta leso, na bajeti yao ilikuwa maputo.

4. Siku ya pleibeki

Pleibeki ni wimbo kupigwa kwenye spika, msanii akiufuata mbele ya kamera. Tengenezeni faili maalumu la kushutia: wimbo ule ule uliofungwa, ila mwanzoni uwe na milio minne ya kuhesabia ili msanii asiingie kwa kubahatisha. Maiki ya kamera ibaki wazi isikie spika. Sauti yake ni mbovu, lakini ndiyo mtakayotumia kulinganisha vipande, na mtaishukuru usiku wa kuediti.

Pigeni wimbo mzima kutoka juu hadi chini kwa shuti pana, kisha mzima kwa ya kati, kisha mzima kwa ya karibu. Hapo mna video hata kama mengine yote yataharibika. Manjonjo yafuate baadaye. Kampuni za rekodi haziombi sura ya msanii kwa karibu kwa sababu ya uvivu, zinataka mnunuzi wa albamu amjue akimwona.

Msanii aimbe kweli, kwa sauti. Anayechezesha midomo tu anaonekana kama samaki aliyetolewa majini, kwa kuwa shingo haifanyi kazi na kifua hakipandi. Wenye aibu wafukuziwe watazamaji.

Mkitaka slomo, yaani mwendo wa polepole, huku anaimba, rekodini kwa fremu 50, chezeni wimbo kwa kasi maradufu, kisha mrudishe picha kwenye fremu 25. Atajiona kichaa wakati wa kushuti. Mwambieni avumilie, na afanye mazoezi siku iliyotangulia, kwa sababu kuimba mara mbili ya kasi bila kumeza maneno si kazi ya kujifunza mbele ya kamera.

5. Nywele

Maonyesho yote ya kuimba yashutiwe siku moja. Nilimsaidia mdogo wangu mmoja wa hapa hapa idarani aliyegawa kiitikio kwenye wikiendi mbili. Wikiendi ya kwanza kaka msanii ana rasta hadi mabegani, ya pili kaja kanyoa, anang'aa, kafurahi, anauliza kama amependeza. Amependeza, ndiyo. Wakamvika kofia, lakini kofia haikuwapo kwenye kava, wala kwenye tangazo, wala kwenye nusu ya kwanza ya kiitikio chenyewe. Mwishowe waliandika upya hadithi ili awe na pacha. Cha ajabu, pacha ndiye aliyesifiwa na wasahihishaji. Msilichukue hilo kuwa mbinu.

Pigeni picha ya simu ya kila mtu toka kichwani hadi miguuni kabla ya shuti ya kwanza: vikuku, kola, kifungo kipi kimefungwa.

6. Kava halichomolewi kwenye video

Hapa ndipo mnaponiudhi zaidi, kwa sababu mnaliacha kava hadi usiku wa mwisho kisha mnachukua fremu kutoka kwenye video. Video ya 1920 kwa 1080 ukiikata mraba unabaki na pikseli 1080 kila upande. Kava la CD la milimita 120, kwa dpi 300 (nukta 300 kwa inchi), linataka pikseli 1417, na ukiongeza milimita 3 kila upande za kukatia mashineni unafika 1488. Hamna picha ya kutosha. Na hata mkirekodi kwa 4K, fremu ya video ya mtu anayecheza ina ukungu wa mwendo ambao kwenye skrini hauonekani, ila kwenye karatasi anakuwa mtu mwenye mikono minne.

Tengeni saa nzima ya picha za mnato siku ile ile ya pleibeki, taa zikiwa bado zimesimama na mapambo ya uso hayajayeyuka. Picha moja iachwe na nafasi tupu upande mmoja kwa ajili ya maandishi. Pigeni nyingine ya wima kwa ajili ya tangazo. Pigeni pia ya kitu kimoja kutoka kwenye video, kile ambacho mtu akikiona kwenye kava atakumbuka wimbo: yale maputo, kwa mfano, ndiyo waliyoyaweka nyuma ya kava, yakiwa yamenywea. Jina la msanii liwe na herufi za aina moja kote, na mkishachagua rangi mbili, za tatu na nne zibaki dukani.

7. Ya harakaharaka

Haki za wimbo ziko mbili, ya utunzi na ya rekodi, na mara nyingi wenyewe ni tofauti. Waandikieni wote mapema na mhifadhi barua mlizotuma.

Simu nyingi hurekodi kwa fremu zinazopandashuka, na sauti huanza kuhama katikati ya kipande, kwa hiyo tumieni programu inayofunga fremu.

Taa zikicheza kwenye picha, shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) iwe 1/50 au 1/100 ya sekunde pale umeme ulipo wa hertz 50, na 1/60 au 1/120 ulipo wa 60.

Mkijua mtahitaji kipande cha wima cha kutangazia mtandaoni, msanii akae katikati ya fremu kwenye shuti chache tangu mwanzo. Kumkata baadaye kutamwacha na sikio moja.

Droni iwe ya mwisho kwenye orodha, baada ya chakula cha wasaidizi.

Na memori kadi isifutwe hadi nakala mbili ziwe kwenye diski mbili tofauti, na mtu mwingine, asiwe yule aliyenakili, awe amevifungua vipande na kuvitazama kimoja kimoja.