Nimekula supu ya damu Bangkok bila kujua, je swala zangu siku 40 hazikubaliwi?

SWALI: Assalaam alaykum shekhe. Mi ni mfanyabiashara wa mawe ya vito, natokea Arusha, saivi niko Thailand mara ya pili, nahangaika kati ya Bangkok na Chanthaburi. Juzi nilikula tambi za mchuzi mweusi kibandani barabarani, niliagiza za nyama ya ng'ombe nikajua niko salama, baadae mwenzangu akaniambia ule mchuzi wanatia damu na mara nyingine ni ya nguruwe. Roho inaniuma sana. Wenzangu wanasema swala zangu hazikubaliwi siku 40. Halafu huku nile nini, manake kuna wanaosema we sema Bismillah ule chochote kasoro nguruwe. Gesti tuna jiko la pamoja na wasiokuwa Waislamu, na wiki ijayo tajiri mmoja mteja wangu, ni Mbudha, anataka kunikaribisha chakula cha usiku. Nisaidie shekhe.

JIBU: Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh kijana wangu. Nianze na hicho kinachokunyima usingizi. Huna dhambi. Uliagiza ng'ombe, hukujua kama kuna damu, na Allah kwenye Surat al-Ahzab aya ya 5 anasema hakuna lawama juu yenu kwa mlichokosea, lawama ipo kwa kile ambacho nyoyo zenu zimekusudia. Hizo siku 40 zimekuja kwenye hadithi ya mnywaji pombe, anaekunywa huku anajua, na ile nyingine ya tonge la haramu inayozungushwa kwenye magrupu ya WhatsApp wanazuoni wa hadithi wameidhoofisha. Nawaomba sana muache kutishana hivi, manake mtu akishaambiwa swala yake haipokelewi siku 40 shetani anamkamilishia sentensi, basi usiswali kabisa, na vijana walioacha swala kwa maneno hayo nimewaona kwa macho yangu. Swali kama kawaida.

Ile supu wenyewe wanaiita kuai tiao ruea, yaani tambi za mashua, zamani zilikuwa zinauzwa kwenye mitumbwi kwenye mifereji. Ule weusi na uzito wa mchuzi unatokana na damu mbichi iliyochanganywa na chumvi, ya nguruwe au ya ng'ombe. Na hata ingekuwa ya ng'ombe aliyechinjwa na imamu wa msikiti wako, damu iliyomwagika ni haramu kwa aya ya 145 ya Surat al-An'am, kwaiyo kuuliza "ni ng'ombe au nguruwe" haitoshi kwa hicho chakula, kiache chote.

Sasa hapa ndo penye kiini cha maswali yako yote, nisikilize vizuri. Chakula kina asili mbili. Nyama ya mnyama na kuku asili yake ni haramu mpaka ujue imechinjwa kisheria, na vitu vingine kama samaki, wali, mboga, matunda, asili yake ni halali mpaka ujue kimeingia kitu cha haramu. Ukiyashika haya mawili Bangkok nzima utatembea huna wasiwasi. Thailand zaidi ya asilimia 90 ya watu ni Mabudha, na ruhusa ya Surat al-Maida aya ya 5 ni ya vichinjwa vya waliopewa Kitabu, Wayahudi na Wakristo, Mabudha hawamo. Kwaiyo ule wali wa kuku wa mtaani, khao man gai, unaovutia macho na hauna nguruwe hata chembe, kwako hauliki mpaka ujue kuku kachinjwa na nani.

Na hao wa "sema Bismillah ule" wanaitumia hadithi ya Mama Aisha, Allah amridhie, iliyopo kwa Bukhari, kwamba watu walisema tunaletewa nyama hatujui kama imetajiwa jina la Allah, Mtume swalla Allahu alayhi wasallam akawaambia litajeni nyinyi mle. Wanasoma nusu. Mwisho wake Aisha anasema watu wale walikuwa ndo kwanza wamesilimu. Yaani wachinjaji walikuwa Waislamu, shaka ilikuwa kwenye kutaja jina tu. Huwezi kuibeba ukaitua kwenye banda la kuku la Bangkok.

Ila usidhani utakufa njaa, kijana wangu, mi mwenyewe nilikaa huko wiki tatu nikimuuguza ndugu yangu na nilikula nikashiba. Waislamu ni wenyeji kabisa wa nchi ile, mikoa ya kusini ya Pattani, Yala na Narathiwat ndo wengi kuliko wengine, na wengi wao wanafuata madhhab ya Shafii kama sisi wa pwani, niliposwali nao nikasikia kunuti ya alfajiri machozi yalinitoka. Wewe wa mawe unashinda kule mitaa ya Silom na Mahesak, basi msikiti wa Haroon uko jirani tu, barabara ya Charoen Krung, soi (yaani kichochoro) namba 36, nenda swala ya adhuhuri halafu uliza wenyeji wakuoneshe pa kula. Ukiwa upande wa Pratunam kuna mtaa wa Ban Krua pembeni ya mfereji wa Saen Saep, Waislamu wa asili ya kabila la Cham, na pale Nana kuna kichochoro kizima cha mahoteli ya Waarabu. Kibandani tafuta mwezi na nyota, mama kavaa hijabu, na neno Itsalaam ndo wanavyotamka wao. Kwenye vifurushi vya dukani, hata vile viduka vya 7-Eleven, angalia alama yenye umbo la almasi iliyoandikwa halal kwa Kiarabu, hiyo inatolewa na Baraza Kuu la Kiislamu la Thailand. Jifunze pia maneno matatu, mai kin moo, sili nguruwe.

Kula khao mok, wali wa manjano wa kuku ndugu yake biriani, unakuja na sosi ya kijani yenye uchachu. Kula massaman, mchuzi wa viazi na karanga una mdalasini na iliki, wengi wanasema hata jina limetokana na Musulmani. Lakini jina halichinji kuku! Massaman ya hoteli ya watalii inaweza kuwa na nyama yoyote.

Samaki ni nafasi yako kubwa. Allah amehalalisha mawindo ya bahari, Maida aya ya 96, na samaki hahitaji kuchinjwa. Wana yule anaepakwa chumvi nje anajazwa mchaichai tumboni anachomwa, mzuri sana. Nam pla wanayotia kwenye kila kitu ni dagaa na chumvi vilivyovundikwa, haina tatizo. Uliza mafuta tu, manake wengine wanakaangia mafuta ya nguruwe. Som tam, ile saladi ya papai bichi, mwambie asitie kaa, madhhab yetu inamzuia. Vibanda vyenye bendera ya njano na maandishi mekundu ni vya jay, hakuna mnyama wala kitunguu saumu, unaweza kula, ila kilichotolewa kwenye madhabahu yao kiache. Na wadudu wa kukaanga: nzige ni halali kwa hadithi, kama mafuta ni safi, nge na mafunza hapana.

Jiko la gesti. Swahaba Abu Tha'laba alimuuliza Mtume kuhusu vyombo vya watu wa Kitabu, akaambiwa mkipata vingine msilie humo, mkikosa vioseni mle. Kwetu Shafii sufuria iliyogusa nguruwe inaoshwa mara saba moja kwa udongo, ingawa Imam Nawawi, mwanachuoni mkubwa wa madhhab yetu, aliona kwa upande wa dalili mara moja inatosha. We nunua kisufuria chako na kisu, bei ndogo, umepumzika na khilafu za wanazuoni.

Huyo tajiri usimkatae, mwaliko wa heshima unapokelewa na Wathai hawachukii kabisa ukiwaambia we ni Itsalaam, wanaelewa haraka kuliko watu wengi niliokutana nao. Mwambie siku mbili kabla, sio ukishakaa mezani na sahani imeshaletwa. Mwombe mkutane hoteli ya Kiislamu pale Nana, na kama ameshapanga pengine basi uombe samaki kwenye chombo kisafi, na pombe isiwekwe meza yenu kwasababu Mtume amekataza kukaa kwenye meza inayozungushwa pombe. Akishindwa hilo la pombe, mwambie mkanywe chai mchana, bei ya mawe mtaongea hapohapo.