Shangazi, hadithi zangu ziko chini ya godoro

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni msichana wa miaka 22, naishi Pasua hapa Moshi, na nimeajiriwa katika duka la steshenari ambako nachapa na kutoa kopi. Tangu kidato cha tatu naandika hadithi fupi kwenye kauntabuku, na zote nazificha chini ya godoro. Mwaka jana nilimpa rafiki yangu asome moja. Alipiga picha ukurasa mmoja akautuma kwenye kundi la WhatsApp la tuliomaliza shule pamoja, wakacheka siku nzima, na mpaka leo wananiita Bi Mtunzi. Tangu hapo mtu akisogelea daftari langu mwili wote unapata joto. Hadithi ninayoipenda kuliko zote inamhusu mama mdogo, aliyerudi nyumbani kutoka Arusha baada ya ndoa yake kuvunjika, na kila mtu kwetu atamtambua. Naogopa pia kuibiwa. Nifanyeje aibu hii iishe ili nianze kuonyesha kazi zangu? Au nikutumie wewe kwanza uniambie kama zinafaa?*

*Wa Chini ya Godoro, Moshi*

Marahaba, mwanangu, na pole kwa yaliyokupata.

Unataka aibu iishe kwanza ndipo uanze, nami naona mpangilio huo ndio uliozifungia hadithi zako chini ya godoro miaka yote hii. Aibu ya namna hii haitangulii kuondoka. Hupungua baadaye, akishasoma mtu wa kwanza, akasoma wa pili, nawe ukaona kwamba kesho yake umeamka na kwenda kazini kama kawaida. Wapo waandishi wenye vitabu kadhaa ambao hadi leo hawawezi kukaa chumba kimoja na mtu anayesoma mswada wao. Hao hawakupona aibu. Walijifunza tu kumchagua msomaji, na mimi nitakushauri juu ya kuchagua, kwa sababu juu ya kuondoa aibu sina dawa.

Rafiki yako alikukosea, na anapaswa kukuomba radhi. Hata hivyo kicheko cha kundi lile hakikuwa hukumu juu ya hadithi yako, kwa kuwa hakuna aliyeisoma. Waliona ukurasa mmoja uliochomolewa katikati, usio na mwanzo wala mwisho, umeletwa kwao na mtu aliyetaka wacheke. Ukurasa wa mtunzi yeyote mashuhuri ungeweza kuchekwa kwa utaratibu huo. Kuhusu jina walilokupa, ningependa ulizoee badala ya kulikimbia. Siku ya mechi pale Arusha maelfu ya watu hupiga kelele ndani ya uwanja wenye jina la Sheikh Amri Abeid, na sidhani kama wengi wao wanakumbuka kuwa alikuwa mtunzi, aliyetoa mwaka 1954 kitabu cha sheria za kutunga mashairi. Kuitwa mtunzi katika nchi hii si tusi, hata kama wenzako walikusudia liwe tusi.

Kuna jambo moja katika barua yako ambalo umelipita haraka, nalo ni kazi unayoifanya. Kila siku watu wanakuletea maandishi yao: mwanafunzi na utafiti wake uliojaa makosa, mzee na barua ya kulalamikia mpaka wa shamba, kijana na maombi ya kazi aliyoyaandika kwa mkono unaotetemeka. Wanakukabidhi, wanasimama mbele ya kaunta na kusubiri. Je, umewahi kuwacheka? Nina hakika mara nyingi umewarekebishia neno kimyakimya bila kuwadharau, na ukifunga duka jioni huwakumbuki kwa makosa yao. Wewe mwenyewe, basi, ni shahidi kwamba yapo macho yanayoweza kuona maandishi mabovu ya mtu yasimdhalilishe. Kazi yako ni kuyatafuta macho ya namna hiyo.

Sasa nije kwa mama yako mdogo, maana hapa sikubaliani nawe hata katika kuliita jambo hili aibu. Umeyachanganya mambo mawili kwa sababu yote mawili yanakupa joto mwilini. La kwanza ni woga wa kuonekana wewe, na huo nakusihi uukaidi. La pili ni wasiwasi juu ya siri ya mtu mwingine, na huo nakusihi uusikilize, kwa kuwa anayekuonya hapo ni dhamiri yako.

Usidhani kwamba kubadili jina kutatosha. Ukimwita kwa jina jingine na kumrudisha kutoka Singida badala ya Arusha, bado ndugu zako watamjua kwa namna anavyojifunga khanga na kwa maneno anayopenda kuyasema akikasirika, na kama unaandika vizuri ndivyo watakavyomtambua upesi zaidi. Jiulize badala yake ni yapi katika hadithi hiyo uliyaona kwa macho yako na ni yapi uliyasikia usiku wakati yeye na mama yako walipodhani umelala. Siku aliyoshuka kwenye basi na mabegi, na jinsi nyumba ilivyobanana baada ya hapo, ni mambo yaliyokupata hata wewe, kwa hiyo una haki nayo. Sababu ya ndoa kuvunjika ni yake mwenyewe. Na kama kwenu ni watu wa huko juu mlimani, ambako kihamba, yaani shamba la ukoo, kwa desturi hurithiwa na watoto wa kiume, unajua vizuri kuliko mimi kwamba binti aliyerudi anaishi kwa hisani ya kaka zake. Sentensi moja uliyoandika juu ya mjomba fulani, hata kama ni ya kweli, inaweza kumharibia mama mdogo mahali pa kulala, na atakayelipa gharama hiyo ni yeye, wewe ukisifiwa kwa kalamu yako.

Kwa hiyo nenda kwake, mkiwa wawili tu, siku ambayo hana haraka. Mwambie umeandika hadithi iliyotokana na kurudi kwake, na umwombe umsomee kwa sauti. Usimwachie daftari, kwa sababu maandishi yaliyoachwa humfanya mtu ajisikie ameshitakiwa, ilhali akikusikia unasoma atausikia pia upendo uliomo. Huenda akalia, huenda akacheka mahali ambapo hukutegemea, huenda akakwambia kwamba mambo hayakuwa hivyo na akakupa hadithi bora zaidi. Huenda pia akakukatalia. Akikataa, ikunje uiweke hadi atakapokuruhusu, hata kama ndiyo bora uliyonayo. Najua ushauri huu ni mgumu, na wapo waandishi watakaokuambia kwamba fasihi haiombi ruhusa kwa mtu. Mimi nasema mwandishi wa miaka 22 anazo hadithi nyingine, lakini mama mdogo hana nyumba nyingine. Vyovyote atakavyojibu, hiyo isiwe hadithi ya kwanza kutoka nje ya nyumba yenu.

Ya kwanza iwe nyingine, fupi, iliyokamilika, isiyo na ndugu yeyote ndani yake. Ichape mwenyewe baada ya saa za kazi, kwa idhini ya mwenye duka na kwa kulipia karatasi zako, kwa sababu hadithi iliyochapwa hukuonyesha makosa ambayo mwandiko wako mwenyewe huyaficha. Kisha tafuta msomaji mmoja. Asiwe mama yako, atakayekusifu, wala mtu wa lile kundi. Mwalimu wako wa Kiswahili wa sekondari anafaa sana ikiwa alikuwa mtu wa kusoma vitabu nje ya mtaala. Kama hayupo, ipo maktaba ya mkoa hapo mjini, na ukizoea kukaa humo utawajua wanaosoma riwaya kwa kupenda. Mmoja anatosha. Shaaban Robert, pamoja na ukubwa wake wote, alimwandikia mdogo wake Yusuf Ulenge barua tangu mwaka 1931 hadi 1958, na humo alimweleza pia habari za kazi zake za uandishi. Hata yeye alihitaji mtu mmoja wa kuzungumza naye habari hizo.

Unapomkabidhi, usiseme maneno ambayo nahisi ulimwambia rafiki yako, kwamba ni upuuzi tu ulioandika kupoteza muda. Mtu akiambiwa kitu ni upuuzi hukishika kama upuuzi. Mwambie ni hadithi uliyoifanyia kazi, kwamba ungependa asimwonyeshe mtu mwingine, na kwamba utamfuata baada ya wiki mbili. Usimuulize kama ni nzuri, kwa kuwa adabu zetu zitamlazimisha aseme ni nzuri. Muulize ni mahali gani alitamani kuacha kusoma, na ni mtu gani katika hadithi hakumwamini. Majibu ya maswali hayo mawili yatakuuma kidogo, lakini yatakupa la kufanya utakaporudi mezani. Halafu ondoka, usisimame pale ukimtazama uso anaposoma.

Kama hata hapo bado unaona joto, tumia jina la kupanga, na usijione mwoga kwa kufanya hivyo. Ushairi wa Kiswahili wa magazetini, ambao jarida la Mambo Leo liliupa uwanja tangu miaka ya 1920, umejaa lakabu; Ustadh Andanenga, kwa mfano, alijulikana kwa wasomaji kama Sauti ya Kiza. Lakabu zile zilikuwa pia mapambo na utani wa watunzi, lakini zilimpa mtu nafasi ya kusimama hatua moja pembeni ya shairi lake wakati wenzake wanalijibu kwa beti zao. Wewe mwenyewe umeshajipa lakabu katika barua hii, na si mbaya hata kidogo.

Suala la kuibiwa halinipi hofu kama linavyokupa wewe. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inailinda kazi yako tangu ulipoiandika, bila kusubiri ichapishwe wala isajiliwe, ingawa usajili wa COSOTA, ofisi ya hakimiliki nchini, husaidia pale ushahidi unapohitajika. Andika tarehe kwenye kila hadithi na ubaki na nakala. Wazo lenyewe halina mwenyewe. Maneno uliyolivika ndiyo yako. Baadaye, ukishapata wasomaji wawili watatu na ukiwa na mswada mrefu zaidi, iangalie Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, pamoja na ile ya Safal-Cornell ya fasihi ya Kiswahili, kwani zote mbili hupokea miswada ambayo haijachapishwa. Soma masharti yao vizuri, na usiende huko kwanza ili kumkwepa msomaji wa karibu.

Kwa sababu hiyo hiyo nakataa ombi lako la mwisho. Mimi sikujui na hunijui, hatutakutana sokoni Mbuyuni, na nikikusifu au nikikukosoa hutalazimika kunitazama usoni. Ndiyo maana kunitumia mimi kunaonekana rahisi, na ndiyo maana hakutakusaidia. Mpe kwanza mtu wa hapo Moshi. Akishakurudishia karatasi zako zikiwa na alama za kalamu yake, niandikie unieleze ni wapi alitamani kuacha kusoma, na uambatanishe hadithi yenyewe. Hapo nitaisoma.