Sikusoma, nimsaidieje mwanangu?

SWALI: Shikamoo shangazi. Nalima korosho Newala. Mwanangu yuko darasa la nne, nami sijui kusoma. Nitamsaidiaje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kila jioni mwambie akusomee daftari lake, kisha akueleze kwa maneno yake. Akikwama, hapo hajaelewa. Kamwulize mwalimu wake.

Kinachoniuma zaidi ni msimu. Upimaji wa kitaifa wa darasa la nne hufanyika Oktoba, korosho nazo zimeiva, na watoto wetu wako mashambani wakiokota. Nakusihi, wako asikose hata kipindi kimoja. Aokote Jumamosi. Baba yake akinung'unika, mwonyeshe barua hii.

Kikao cha wazazi nenda mwenyewe, na uulize mahudhurio yake mbele ya mwalimu.